Kufuli Aponywa Mguu Mzima

Msomaji, kiganja cha Mchungaji Cleotha Pruitt kimekaa juu ya kichwa cha Quintrell Mabry wiki nzima sasa, na shingo ya kijana imeanza kuuma. Tukamwondolee.

"Tupa magongo," Mchungaji alirudia.

Ilikuwa Jumatano jioni, ibada ya maombi, na kanisa la Mlima Hebroni lilikuwa limejaa mpaka kwenye ngazi za kwaya. Quintrell, beki wa pembeni wa Chuo cha Okatoma katika mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mikono, yule ambaye Mississippi nzima inamwita Kufuli, alisimama mbele ya madhabahu akiegemea magongo mawili. Mguu wake wa kulia ulikuwa umeviringishwa bandeji nene kama mto wa kitanda cha mtoto.

Ndani ya bandeji ile, mguu ulikuwa mzima kabisa.

Kwa uliyekosa gazeti la wiki iliyopita, shida ya Quintrell ni moja tu: anakaba vizuri kupita kiasi. Mechi tisa msimu huu, na pasi zilizorushwa upande wake ni nne. Zote nne alizinyaka yeye kabla hazijamfikia mpokeaji. Baada ya hapo warushaji wa timu pinzani waliuhama upande wake wa uwanja kama watu waliohama nyumba yenye nyoka. Bwana Halvorsen, msaka vipaji wa timu moja kubwa ya kulipwa huko kaskazini, amekuja mara tatu, akamtazama Quintrell akiwa amesimama dakika sitini, akaandika katika daftari lake: "Anasimama vizuri."

"Siwezi kumsajili mtu kwa kusimama," alimwambia Kocha Boyce. "Nitarudi mara moja tu, mechi ya mwisho. Nataka kumwona akiwa na mpira mikononi."

Mechi ya mwisho ni Jumamosi, dhidi ya Tunstall. Mpira usipomfikia Quintrell siku hiyo, ndoto ya kulipwa imekufa, naye atabaki hapa Okatoma akipakia magunia ya chakula cha kambare kwenye bwawa la mjomba wake hadi azeeke.

Ndipo Kocha Boyce alipobuni jeraha. Tunstall wakiamini kwamba Kufuli hawezi kukimbia, watamrushia mpira bila woga. Siri hiyo ilijulikana na watu wawili tu. Hata Bibi Ozella, aliyemlea Quintrell tangu akiwa wa kubebwa, hakuambiwa. Na Bibi alipomwona mjukuu anachechemea alifanya kile ambacho bibi yeyote wa hapa angefanya: aliliandikisha jina lake kwenye orodha ya wagonjwa ya kanisa. Jina likishaingia kwenye orodha ile hutoka kwa njia mbili tu, ushuhuda au mazishi.

Na benchi la tatu, simu mkononi, alikaa Dada Verlene. Ameolewa hapa Okatoma, lakini ni dada wa tumbo moja na Kocha Jerome Ledbetter wa Tunstall.

Sasa twende.

"Mchungaji," Quintrell alinong'ona, "labda tungengoja Jumapili."

"Bwana hangoji Jumapili."

"Bado nasikia maumivu."

"Hayo si maumivu, mwanangu. Hayo ni mashaka, yanatoka."

"Yaache yatoke," Shemasi Rufus aliitikia kutoka nyuma.

Quintrell aligeuza macho bila kugeuza kichwa. Akiyashika magongo, Mchungaji ataaibika mbele ya watu mia tatu. Akiyatupa, Verlene atamwandikia kaka yake kabla kwaya haijamaliza ubeti, na Jumamosi hakuna mpira utakaokuja. Alimtafuta Bibi. Bibi Ozella alikuwa amekaa mbele kabisa, kofia ya zambarau, mikono juu ya mkoba.

"Quintrell," Bibi alisema, taratibu, kama anayemwambia apunguze chumvi. "Watu wana kazi kesho."

Akalitupa gongo la kushoto. Kinanda kikaguna.

Akalitupa la kulia. Kinanda kikapiga kelele, ngoma zikaingia, na akina mama waliovaa nyeupe wakainuka kwa pamoja.

Hatua moja. Hatua mbili. Basi hapo, msomaji, ukumbuke kwamba huyu ni mwanariadha aliyefungiwa bandeji siku nne bila kukimbia. Miguu ilikuwa na njaa. Hatua ya tatu ikawa mbio. Alishuka na njia ya katikati hadi mlangoni, akagusa mlango, na kwa kuwa ni beki, alirudi kinyumenyume, magoti yamekunjwa, macho mbele, kama vile anamfuata mpokeaji.

Mlima Hebroni wamewahi kuona watu wakidai kupona. Hawakuwahi kumwona mtu akipona kwa kurudi nyuma.

"Anaenda wapi?" mtu aliuliza.

"Mwache, Roho ndiye anayemuongoza."

Roho alikuwa amemkamata pia Mama Euphemia Gadsden, mwenye umri wa miaka themanini na mbili, aliyeanguka chali akiwa na mkoba wake. Mabawabu wawili wa kanisa walimdaka Mama Euphemia. Mkoba hakuna aliyeudaka. Ulitua katikati ya njia, ndani yake mna Biblia yenye kona za shaba na chupa ya pilipili za siki, na mguu wa kushoto wa Quintrell, ukija kinyumenyume kwa kasi kubwa kuliko zote chuoni, ulitua juu ya mkoba.

Kifundo kikalia ko.

Kinanda kilikuwa kinapiga kwa nguvu, kwa hiyo ni yeye pekee aliyesikia.

"Unajisikiaje, mwanangu?" Mchungaji aliuliza.

"Mpya," Quintrell alisema, machozi yakimtiririka hadi kidevuni.

"Machozi ya furaha," Mchungaji aliwatangazia watu.

Verlene alikuwa ameshafika kwenye ngazi za nje, simu sikioni.

* * *

"Jerome, amepona."

"Nani?"

"Kufuli. Ametupa magongo mbele ya macho yangu. Amekimbia."

Kocha Ledbetter alikuwa mezani kwake huko Tunstall, sahani ya kambare wa kukaanga mbele yake. Aliweka uma chini. Kama Kufuli amepona, mpango wake wote wa Jumamosi ni wa kutupa jalalani.

"Daktari gani amemtibu?"

"Si daktari. Mchungaji Pruitt amemwekea mikono."

Kisha Ledbetter akaanza kucheka. Alicheka hadi mkewe akaja kuangalia kama amepaliwa na mfupa.

"Verlene, umesahau mimi na wewe tumekulia kanisa hilo hilo? Nilipokuwa na miaka kumi na moja Pruitt aliniombea jino moja. Niling'olewa mawili."

"Jerome, usimseme vibaya mchungaji wangu."

"Alimwombea Mjomba Thaddeus macho."

"Mjomba Thaddeus alisema anaona vizuri."

"Ndiyo, halafu akaendesha trekta akaligonga kanisa."

Verlene aliijua alfa na omega ya ukuta ule: mumewe ndiye aliyeujenga upya.

"Nakwambia amekimbia," alisema. "Amekimbia hata kinyumenyume."

"Mtu aliyepona hukimbia kwenda mbele. Dada yangu, wangeniambia daktari kamtibu, ningeogopa. Pruitt akishamponya mtu, mimi naulizia ratiba ya mazishi. Mguu upi?"

"Wa kulia."

Ledbetter alichukua kitambaa cha mezani akachora. Beki akitaka kukata ghafla kwenda kushoto kwake, lazima ajisukume kwa mguu wa kulia. Mguu wa kulia ukiwa mbovu, upande wa kushoto uko wazi kama mlango wa duka.

"Basi," alisema, akirudia kambare wake. "Jumamosi, kila mpira utaenda kushoto kwake. Kila mpira. Hadi aombe magongo yake."

* * *

Alhamisi asubuhi Quintrell aliingia ofisini kwa Kocha Boyce akichechemea.

Kocha alikuwa ameshapata habari zote, na alikuwa amekaa bila taa.

"Wiki nzima," alisema. "Wiki nzima nimekuficha. Nimekununulia magongo. Nimemdanganya mkuu wa chuo. Na wewe umekimbia kanisani."

"Kocha, nimeumia."

"Acha. Mchezo umekwisha, kila mtu anajua umepona."

"Nimeumia kweli. Kifundo kimeteguka."

Boyce alimtazama akitembea kutoka mlangoni hadi kwenye kiti, akatikisa kichwa kama mwalimu wa maigizo.

"Sura ni nzuri. Jasho, sawa. Lakini mtoto mdogo angekukamata. Tulikubaliana mguu wa kulia, wewe unachechemea kushoto."

"Kwa sababu ndio unaouma."

"Basi hamia kulia."

Quintrell alivua soksi. Kifundo kilikuwa cha rangi ya bilinganya, na kimekaribia ukubwa wake. Kocha alikigusa kwa ncha ya kalamu. Quintrell aliruka, kiti kikaanguka, na Kocha akakaa mahali pa kiti, sakafuni.



"Unaweza kucheza?" Kocha aliuliza hatimaye.

"Nitacheza."

"Nikikuweka benchi, hakuna atakayenilaumu."

"Kocha, ukiniweka benchi, Bwana Halvorsen ataandika kwamba nakaa vizuri."

* * *

Ijumaa mchana wanawake wa Mlima Hebroni walikuja kuchukua vyombo vyao.

Hapa kwetu mtu akiugua, chakula huja hata kwa asiyeweza kumeza. Tangu Jumapili nyumba ya Bibi Ozella ilikuwa imepokea mabakuli tisa ya makaroni na jibini, masufuria manne ya sukuma wiki na nyama ya nguruwe, pai sita za viazi vitamu, na keki moja yenye maandishi ya sukari "Pole na Mguu". Kila chombo chini yake kina utepe wenye jina la mwenyewe. Na sheria ni kwamba mgonjwa akipona, chombo hurudi, kitupu au kimejaa.

"Hujala makaroni yangu," alisema Mama Euphemia akilifunua bakuli.

"Alikuwa anayatunza," Bibi Ozella alimjibu.

"Aliyapenda ya Lucinda kuliko yangu?"

"Euphemia, mkoba wako umeutengeneza?"

"Una alama ya kiatu. Sitaifuta. Ni alama ya muujiza." Mama Euphemia alinyoosha shingo kuelekea chumba cha nyuma. "Yuko wapi? Namtaka anirukie kidogo nimwone."

"Amelala."

Hakuwa amelala. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mguu wa kushoto ndani ya ndoo ya barafu, ameuma taulo. Mgeni wa mwisho alipoondoka, mlango ulifunguka na Bibi akasimama pale akiitazama ndoo.

Quintrell alitoa taulo mdomoni. Alisema yote bila kupumzika: jeraha la uongo, Kocha, Verlene, mkoba. Alipomaliza aliinamisha kichwa akingoja kofi la maneno.

Halikuja. Bibi alikaa kando yake, akautoa mguu kwenye barafu, akauweka mapajani mwake.

"Umemdanganya Mungu mbele ya kofia yangu mpya," alisema. Lakini alisema kivivu, kama anayesoma tangazo la zamani. Quintrell alishangaa kwamba hakushangaa.

"Samahani, Bibi."

"Basi usicheze kesho."

"Lazima nicheze."

"Mguu ni huu. Mtu mwenye akili akiuona hachezi. Mjomba wako anasema bwawani kuna kazi kuanzia mwezi wa kwanza. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka hapa. Ungekuwa unakuja kula mchana."

"Nikibaki hapa, Bibi, nitakuwa nimesimama maisha yangu yote."

Bibi alifungua droo, akatoa utepe wa bandeji, akaanza kukifunga kifundo. Alikaza hadi Quintrell akarudisha taulo mdomoni.

"Ukianguka," alisema, "usiniangalie mimi kule juu jukwaani. Sitaweza."

* * *

Jumamosi, saa nane mchana. Uwanja umejaa, bendi ya Okatoma inapuliza hadi bati za paa zinatetemeka, na Mchungaji Pruitt amepewa kiti pembeni mwa uwanja kama mganga mkuu. Halvorsen yuko safu ya tano, daftari kwenye goti.

Kwa mara ya kwanza msimu mzima, mrushaji wa Tunstall aligeuka akatazama upande wa Kufuli.

Uwanja mzima ulizuia pumzi. Mpira unakuja.

Mpokeaji wa Tunstall, kijana mrefu anayeitwa Marquavis Toombs, alikuwa ameagizwa akimbie hatua nane kisha akate kushoto kwa Kufuli. Lakini Toombs aliingiwa na hofu ya kukutana na Kufuli, akasahau kukata. Alinyoosha moja kwa moja. Mbio ndefu zinataka miguu miwili, na Quintrell alikuwa na mmoja na nusu. Alibaki nyuma hatua tatu, kisha tano. Mpira ulitua mikononi mwa Toombs kama mkate, akavuka mstari, alama sita.

Hakuna aliyewahi kufunga upande ule. Bendi ilikatika katikati ya noti.

Safu ya tano, Halvorsen alitazama saa yake.

Toombs alirudi kwa kocha wake akicheza.

"Nilisema ukate," Ledbetter alimwambia.

"Nimefunga, Kocha."

"Umefunga kwa bahati. Mimi nina mchoro hapa."

"Lakini yule hawezi kunikimbiza. Nikinyoosha tena—"

"Kijana, nani ni kocha? Mguu wa kulia ndio mbovu. Fuata mchoro au ukae benchi karibu na maji."

Wangenyoosha mara ya pili tu, msomaji, hadithi hii ingeishia bwawani kwa kambare. Lakini Ledbetter alikuwa amechora kitambaa kizima, na mtu aliyechora hakubali kufunga kwa njia isiyochorwa.

Pasi ya pili: Toombs hatua nane, akakata kushoto kwa Kufuli. Quintrell alijisukuma kwa mguu wa kulia, ambao haukuwahi kuumwa siku hata moja, akaupiga mpira chini.

"Amebahatisha," Ledbetter alisema. "Ona anavyochechemea."

"Anachechemea kushoto, Kocha," alisema msaidizi wake.

"Anautunza wa kulia. Rudieni."

Pasi ya tatu, kushoto. Quintrell akaupiga chini. Ya nne, kushoto, akaupiga chini. Kila mara mkono ulifika, lakini vidole vilikosa kuushika. Safu ya tano haikuandika kitu. Kuupiga mpira chini si kuwa na mpira mikononi.

"Wanakuja upande ule ule kila mara," Quintrell alimwambia Kocha Boyce wakati wa mapumziko. "Kwa nini?"

Boyce alifikiri, akautazama mguu wa kulia, kisha wa kushoto. Uso wake ulifunguka taratibu.

"Kwa sababu Ledbetter anaamini uongo wangu," alisema, na alikuwa karibu kulia kwa fahari. "Usimwambie mtu. Usitembee vizuri kwa mguu wowote."

Dakika ya mwisho ilifika Okatoma wakiongoza ishirini kwa kumi na saba. Tunstall walikuwa na mpira, yadi kumi na mbili tu kutoka mstarini. Kila mtu uwanjani alijua utakwenda kwa nani. Kwenye kiti chake Mchungaji alisimama. Kule juu, Bibi Ozella alikuwa amefunika uso kwa karatasi ya ratiba.

Quintrell alisimama mbele ya Toombs. Kifundo kilikuwa kimevimba hadi kamba za kiatu zilikuwa zinalia.

"Pole na mguu," Toombs alimwambia. Alimaanisha.

"Asante. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Alikuombea Jumapili."

"Mwambie nimeshukuru. Na wewe unakata kushoto tena?"

Toombs aliinamisha macho, na hilo lilikuwa jibu la kutosha.

Beki mjinga hutazama macho ya mpokeaji. Beki wa kawaida hutazama miguu. Quintrell alifundishwa tangu darasa la saba kutazama kitovu, kwa sababu macho na miguu vinaweza kwenda popote lakini kitovu huenda mtu anakokwenda. Hatua moja, tatu, sita. Kwenye hatua ya saba, kitovu cha Toombs kiligeuka unene wa kidole.

Quintrell hakungoja ya nane. Alijisukuma kwa mguu wa kulia kwa nguvu zote za wiki nzima, akaruka kwenda mahali ambapo bado hapakuwa na mtu wala mpira.

Mpira ukaja. Ulimpiga kifuani, ukadunda, ukapanda hewani. Toombs akaugusa. Quintrell akaugusa. Wote wawili wakaanguka, na mpira ukaangukia juu ya tumbo la Quintrell, naye akaufumbata kwa mikono, kidevu na magoti, akajikunja juu yake kama kobe.

Kipenga.

Alikuwa nao.

* * *

Mechi ilipokwisha watu walimiminika uwanjani. Mchungaji Pruitt ndiye aliyetangulia, chupa ya mafuta mkononi, kwaya nyuma yake. Halvorsen alishuka taratibu kutoka safu ya tano, akapita katikati ya tarumbeta, akasimama mbele ya Quintrell, aliyekuwa bado amekaa kwenye nyasi.

"Nimekuja mara nne," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza nimeona viganja vyako. Ulijuaje atakata hatua ya saba?"

"Kitovu, bwana."

Halvorsen aliandika. "Simama, nikuone unatembea."

Quintrell alisimama. Akapiga hatua mbili.

"Unachechemea."

"Hachechemei," Mchungaji aliingilia. "Huyu aliponywa Jumatano, mbele ya watu mia tatu."

"Aliponywa mguu upi?"

"Wa kulia."

"Anachechemea kushoto."

Kwaya ilinyamaza sauti moja baada ya nyingine, soprano kwanza. Kocha Boyce alianza kukagua mawingu. Nyuma yao Ledbetter alikuwa amekaribia, kitambaa chake mkononi, na alikuwa ameacha kupepesa macho.

"Sikiliza, kijana," Halvorsen alisema. "Daktari wetu ataona kila kitu, kwa hiyo mimi nakuuliza tu kwa adabu. Mtu mwenye mguu mbovu nina kazi naye, miguu hupona. Mtu ambaye sijui mguu wake mbovu ni upi, huyo sina kazi naye."

Quintrell aliwatazama wote. Akisema kweli, Mchungaji wake ataaibika mbele ya kwaya yake mwenyewe, na Kocha atakuwa mwongo mbele ya mkuu wa chuo, ambaye alikuwa hapo hapo akila njugu. Akinyamaza, anarudi bwawani.

Alikaa tena kwenye nyasi na kunyoosha mguu wa kushoto.

"Huu," alisema. "Niliteguka Jumatano, kanisani, nikipona. Wa kulia haukuwahi kuuma. Nilidanganya, Mchungaji. Nisamehe."

Ledbetter aliketi juu ya sanduku la barafu. "Kwa hiyo wa kulia..." alianza.

"Mzima, Kocha."

"Siku nzima?"

"Siku zote."

Ledbetter alikikunja kitambaa kikawa kidogo, halafu kidogo zaidi.

Halvorsen alichana ukurasa kwenye daftari, akampa Quintrell. Kulikuwa na anwani na tarehe, wiki tatu kuanzia Jumatatu. "Ndege tutalipa sisi," alisema. "Njoo na miguu yote miwili." Akaondoka kama alivyokuja.

Hapakuwa na shangwe. Watu wote walikuwa wanamtazama Mchungaji, wakingoja radi.

Mchungaji Pruitt aliziba chupa ya mafuta. Kisha, mzee yule wa miaka sabini na minne, na suti yake ya kijivu, alikaa chini kwenye nyasi kando ya Quintrell.

"Sina cha kukusamehe," alisema. "Nilijua mguu ule ni mzima."

"Ulijua?"

"Mwanangu, nimeomba miaka arobaini na moja. Ningekuwa naweza kuponya mtu, si ningeanza na goti langu? Niliombwa. Jumanne, ofisini kwangu, mtu alikaa akalia. Akaniambia amekuona usiku ukitembea bila magongo, mguu wako hauna kitu. Akaniambia nikuponye hadharani, Verlene akiwepo, ili Tunstall wajue, wakukwepe, mpira usikufikie, na yule bwana wa kaskazini arudi kwao mikono mitupu."

"Nani?" Quintrell aliuliza. "Nani alitaka nishindwe?"

Mchungaji aliinua mkono. Kidole kilimpita Ledbetter. Kilimpita Verlene, aliyekuwa ameshaanza kujitetea. Kilimpita Kocha Boyce. Watu walipisha njia, na mwisho wa njia ile alikuwa amesimama Bibi Ozella, ameshika ratiba ya mechi iliyolowa machozi.

"Shusha kidole, Cleotha," Bibi alisema. "Nitamwambia mwenyewe kwa nini hawezi kwenda mji ule wa kaskazini."